Namba ya Bahari kwenye Mbuga ya Simiyu

Juni, malori ya pamba yanapopishana barabara ya Lamadi kuelekea kwenye viwanda vya kuchambulia, watu wa vitalu vya uwindaji nao huanza kupita Bariadi. Msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguka Julai, na kabla ya hapo magari lazima yatengenezwe, vyakula vinunuliwe, bunduki zipimwe. Pori la Akiba Maswa, lililotangazwa 1962 na leo likiwa chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), linapakana na Serengeti upande wa kusini-magharibi. Anayeingia huko kupitia mkoa huu hupata chai yake ya mwisho ya mjini hapa hapa.

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti tatu. Kijana anajifunza kazi ya mwindaji bingwa na ana programu ya kukokotoa mwendo wa risasi kwenye simu yake. Mwalimu anafundisha fizikia sekondari. Mzee alikuwa askari wa wanyamapori na sasa amestaafu. Baba yake alikuwa katika chama cha Bununguli, wawindaji wa nungunungu wa Kisukuma. Sitajificha nyuma yao. Niliwahi kufuata damu ya nyamera kuanzia asubuhi hadi jua la utosi kwa sababu niliamini namba ambayo sikuwa nimeipima, na nyamera yule hatukumpata. Suala hili si la nadharia kwangu.

KIJANA: Shikamoo Mzee. Mwalimu, nimekuja na kesi. Bunduki yangu ni .308, nimeipima na iko sawasawa kwenye mita 100. Mita 300 napiga bati la chuma bila shida. Mita 500 kikokotoo kinaniambia nipandishe darubini kiasi fulani, napandisha, risasi zinaangukia juu ya nilipolenga kama sentimita 11. Mita 700 ndiyo kabisa, karibu sentimita 38 juu. Nikaona kikokotoo kinadhani risasi yangu ni ya polepole kuliko ilivyo. Nikaongeza kasi kwenye simu, kutoka mita 790 kwa sekunde hadi 810. Mita 500 ikakaa sawa kabisa.

MZEE: Marahaba. Mita 500 ni kutoka hapa mpaka wapi?

KIJANA: Mpaka kule kwenye ule mnara wa simu, babu.

MZEE: Na mnyama wa kule unamjua ni dume au jike?

KIJANA: Kwa darubini, ndiyo. Lakini kule napiga bati tu. Kwa mnyama ni habari nyingine.

MZEE: Tutaifikia hiyo habari nyingine. Endelea, ng'wanone.

MWALIMU: Kabla hujaendelea, hiyo 790 uliitoa wapi?

KIJANA: Niliipima. Tuliazima kronografu, nikafyatua risasi kumi, wastani ukatoka 790. Kwenye boksi waliandika kubwa zaidi, lakini najua kiwanda hupima kwa mtutu mrefu.

MWALIMU: Basi umefanya jambo zuri halafu ukaliharibu. Kati ya namba zote ulizoingiza kwenye simu, hiyo ndiyo uliyoipima kwa chombo, na ndiyo uliyoibadilisha. Umeondoa ushahidi ukaweka matakwa.

Hapa Kijana alinyamaza kidogo. Nami niliona haya kwa niaba yake, maana hivyo ndivyo nilivyofanya mimi mwaka ule. Mkono huenda kwenye namba iliyo rahisi kuguswa. Kasi ipo juu kabisa ya ukurasa wa programu, na ukiisogeza kidogo unaona jibu likisogea. Namba za hewa zimefichwa kurasa mbili ndani.

KIJANA: Lakini imekubali, Mwalimu! Mita 500 inapiga.

MWALIMU: Mita 700?

KIJANA: Bado juu. Kama sentimita 11.

MWALIMU: Mita 300?

KIJANA: Imeshuka kidogo tu. Sentimita moja labda.

MWALIMU: Sawa. Nipe kalamu.

Mwalimu aligeuza karatasi ya bili na kuchora. Nitajaribu kuueleza mchoro ule, kwa sababu ndio moyo wa jambo zima, na sijauona ukielezwa kwa lugha yetu.

Makosa ya kikokotoo hayafanani. Kila aina hukua kwa namna yake kadiri umbali unavyoongezeka. Lipo kosa la pembe: pengine umekosea kimo cha darubini juu ya mtutu, au bunduki haikukaa sawasawa pale mita 100. Hilo hukua kama mstari ulionyooka. Ukikosea kimo cha darubini kwa sentimita moja, mita 300 utakosa kwa sentimita 2, mita 500 kwa 4, mita 700 kwa 6. Kosa la kasi ni jingine. Kudondoka kwa risasi hutegemea muda iliokaa hewani, na muda huo huzidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kosa hukua karibu kama mraba wa umbali. La tatu ni kosa la hewa, yaani jinsi hewa inavyoizuia risasi. Mwanzoni halionekani, kwa kuwa risasi haijapoteza kasi ya kutosha, lakini baadaye hukua karibu kama mchemraba, hata kupita hapo.

Kwa hiyo Mwalimu alichora mistari mitatu, yote ikipita kwenye sentimita 11 pale mita 500. Wa kwanza, wa pembe, ulisoma 5 na nusu pale mita 300 na 16 na nusu pale mita 700. Wa pili, wa kasi, ulisoma 3 na 27. Wa tatu, wa hewa, ulisoma 2 na 38.

MWALIMU: Zako za kwanza, kabla hujagusa kasi, zilikuwa ngapi pale 300?

KIJANA: Sikupima kwa rula. Zilikuwa juu kidogo. Nilidhani ni mkono wangu.

MWALIMU: Na 700 ulisema 38.

KIJANA: ... Ni hewa.

MWALIMU: Ni hewa, au ni kizigeu cha risasi, yaani namba ya jinsi risasi inavyoipenya hewa, maana hivyo viwili vina umbo moja la kosa. Umbali mmoja haukwambii lolote. Ukiwa na mita 500 peke yake, mistari yote mitatu inapita palepale, na ukigusa chochote utafurahi. Ndiyo maana ulifurahi.

MZEE: Daktari naye hukuuliza homa inapanda saa ngapi. Hakuulizi tu kama ipo.

KIJANA: Basi kizigeu. Nimesoma kwamba namba za viwanda si za kuaminika daima. Changu kimeandikwa 0.243 kwa G7. Nikikipandisha hadi 0.28 hivi, vipimo vyote vinakubali, 300, 500 na 700. Nimeshajaribu sasa hivi mezani. Tazama.

Kweli, zilikubali. Nataka msomaji asikimbilie kumcheka Kijana, kwa sababu hoja yake hapa ina nguvu. Alikuwa na vipimo vya umbali tatu, na namba moja ikaviridhisha vyote. Mafundi wengi wangeishia hapo na kulipwa.

MWALIMU: Umeuchagua mfumo wa G7 kwa makusudi?

KIJANA: Ndiyo. Risasi yangu ni ndefu, nyuma imechongoka kama mashua. G1 ni ya umbo la zamani, nyuma bapa.

MWALIMU: Vizuri. Wengi huanguka hapo. Risasi hiyohiyo hupata karibu 0.5 kwa G1 na karibu 0.25 kwa G7, na mtu akiweka namba ya mfumo huu ndani ya mfumo ule, hakuna tena la kujadili. Yadi na mita je? Yadi 500 ni mita 457. Ukichanganya hizo kwa bunduki kama yako, umekosa zaidi ya robo mita.

KIJANA: Mita kila mahali. Na darubini ni ya miliradiani, nayo programu nimeiweka miliradiani. Mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100. Hilo siwezi kulikosea tena, niliwahi kuweka dakika za pembe na kila kitu kikaenda mrama.

MWALIMU: Basi nisomee ukurasa wa hewa.

KIJANA: Joto, nyuzi 28. Unyevu, asilimia 50. Mgandamizo wa hewa, 1013.

MWALIMU: 1013 umeitoa wapi?

KIJANA: Kwenye taarifa ya hali ya hewa. Ya simu.

MWALIMU: Na umeiambia programu kwamba huo mgandamizo ndio kanieneo halisi ya mahali uliposimama?

KIJANA: Kuna kisanduku kimesema hivyo, nimekitia alama ya vema.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Ziwa Victoria, sehemu ya chini kabisa ya mkoa wetu, uso wake uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Lamadi kuja Bariadi na kuendelea mashariki, ardhi inazidi kuinuka. Uwanja wa Kijana uko karibu mita 1,300. Kwa mwinuko huo hewa haiwezi kuwa na kanieneo ya 1013. Inakuwa karibu 870. Hiyo 1013 si uongo wa watu wa hali ya hewa. Wao huchukua kipimo cha kila kituo na kukirudisha chini kwa hesabu hadi usawa wa bahari, ili Bariadi, Mwanza na Tanga zilinganishwe kwenye ramani moja. Ni namba ya haki kwa kazi yake. Risasi, hata hivyo, haipiti kwenye ramani. Inapita kwenye hewa ya mbuga, iliyo nyepesi kwa kama asilimia 14 kuliko ile aliyoiandika kwenye simu.

MWALIMU: Umekiambia kikokotoo kwamba unapigia shabaha ufukweni Dar es Salaam. Kikakuhesabia hewa nzito ya Dar, kikadhani risasi itazuiwa sana, kikakwambia upandishe sana. Risasi ikapita kwenye hewa nyepesi ya Simiyu, haikuzuiwa kiasi hicho, ikaangukia juu. Kikokotoo hakijakosea hata chembe. Kimejibu swali ulilokiuliza.

KIJANA: Lakini kizigeu cha 0.28 kinatoa majibu yaleyale. Tofauti iko wapi? Mimi siendi Dar kuwinda. Huko hakuna hata digidigi.

Hapa ndipo mjadala ulipopamba moto, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

MWALIMU: Utafanyia kazi Simiyu peke yake? Wageni wako wakipata kitalu kingine, huko kwenye mabonde ya chini ya Selous ya zamani, utakuwa na hewa tofauti na uongo uleule. Au mwakani utanunua kifaa kidogo chenye baromita ndani, kinachosoma kanieneo chenyewe. Kitasoma 870, sahihi. Wewe umeshasahau kwamba kizigeu ulikitia chumvi. Makosa mawili yaliyokuwa yanafutana yamebaki moja, na mita 700 risasi inaanguka chini kwa zaidi ya robo mita. Utalaumu kifaa kipya.

KIJANA: Hiyo ni kweli. Lakini Mwalimu, hata wewe ukirekebisha kanieneo, huwezi kuniambia kizigeu cha kiwandani ni sahihi kabisa. Wala kasi. Joto likibadilika, baruti inabadilika. Asubuhi nyuzi 17, mchana nyuzi 31. Baadhi ya baruti huongeza hadi mita moja kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Kila namba ina kosa. Mwisho wa yote lazima nirekebishe kitu kwa kuangalia bati. Sasa nani ameamua kwamba kurekebisha huku ni halali na kule ni haramu?

Hilo ndilo swali bora lililoulizwa siku ile, na nadhani Mwalimu alilijua.

MWALIMU: Kinachoweza kupimwa kwa chombo, kipime kwa chombo, na usikiguse tena kwa sababu ya bati. Kanieneo, joto, umbali, kimo cha darubini, kasi. Hivyo vyote vina vyombo vyake. Ukishamaliza hivyo, kinachobaki bila chombo ni kizigeu. Hicho unaweza kukisogeza kwa bati la mbali, kidogo, kwa asilimia chache. Ukiona unataka kukisogeza kwa asilimia 15, jua hurekebishi, unafunika.

MZEE: Na latitudo? Nimeona mahali pa kuandika latitudo. Mjukuu wangu alinionyesha.

MWALIMU: Ipo, Mzee wangu. Ni kwa ajili ya dunia inavyozunguka. Sisi tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kusukumwa pembeni ni kama hakupo. Ukipiga kuelekea mashariki risasi hupanda kidogo, magharibi hushuka kidogo. Kwa mita 500 ni sentimita 2 na nusu hivi. Unyevu nao ni mdogo. Watu hudhani hewa yenye mvuke ni nzito, kumbe ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Sipotezi muda hapo.

MZEE: Na upepo?

Hakuna aliyejibu haraka.

MWALIMU: Upepo wa kilomita 10 kwa saa unaokata njia huisogeza risasi yake kama theluthi ya mita kwa mita 500.

MZEE: Theluthi ya mita. Na huo mgandamizo mliobishania tangu chai ya kwanza?

KIJANA: Sentimita 11, babu.

MZEE: Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Sisi tulibeba majivu kwenye kitambaa. Unatikisa, unaona yanaenda wapi. Lakini majivu yanakwambia upepo wa hapa ulipo wewe. Wa pale katikati huna majivu yake, na wa pale kwa mnyama huna. Lamadi mchana upepo unatoka ziwani. Ukija huku ndani unatoka mashariki. Siku nyingine pepo hizo zinakutana na vumbi linasimama kama nguzo. Simu inajua hayo?

KIJANA: Haijui. Unaandika mwenyewe unavyokadiria. Tunasoma mazigazi kwenye darubini, yanavyokimbia.

MZEE: Unakadiria. Kwa hiyo hesabu yote ile, na mwisho mnaandika makadirio.

MWALIMU: Ni kweli, Mzee. Ndiyo maana nataka vile vinavyopimika vipimwe vizuri. Kama umekosea hewa na umekosea upepo, hutajua kamwe ni kipi kilichokukosesha. Mtu wa kwanza kuionyesha kwa vipimo nguvu ya hewa juu ya risasi ni Mwingereza Benjamin Robins, mwaka 1742. Alifyatua risasi kwenye pendulo zito na kupima lilivyoyumba. Wataalamu wa zama zake hawakudhani hewa inazuia kwa kiasi kile. Na kompyuta ENIAC ya Wamarekani, iliyoonyeshwa hadharani 1946, ilianza kujengwa ili kukokotoa majedwali ya mizinga. Watu wamehangaika na hewa kwa zaidi ya miaka 200. Si aibu kijana wa Bariadi kuhangaika nayo wiki moja.

MZEE: Sisemi ni aibu. Nasema hivi. Nimekaa Maswa miaka mingi. Nimefuata nyati waliojeruhiwa kwa ajili ya watu wenye darubini nzuri. Mnyama aliyejeruhiwa hulipiwa kama aliyekufa, hivyo kwa mgeni hesabu imefungwa. Kwa anayeingia kichakani kumfuata haijafungwa. Risasi yako ya mita 500 inakaa hewani muda gani?

KIJANA: Robo tatu ya sekunde.

MZEE: Kongoni anahitaji muda gani kupiga hatua moja?

Kijana hakujibu. Nami hapa namuunga mkono Mzee bila kusita. Kifua cha kongoni, pale panapoua mara moja, hakizidi sana upana wa sahani. Hata kama kanieneo ni 870 kamili, kasi 790 kamili na upepo umetulia, hatua moja ya mnyama inatosha kuigeuza risasi ya moyo kuwa ya tumbo. Hakuna ukurasa wa programu wenye nafasi ya kuandika nia ya mnyama. Yule nyamera wangu alikuwa amesimama kama picha nilipofyatua.

KIJANA: Babu, niruhusu. Sijasema nitampiga kongoni mita 500. Mgeni akifika na kuniambia anaweza, mimi nitampeleka kwenye bati kwanza. Akiona mwenyewe risasi zake tano zimetawanyika upana wa ndoo, atakubali kunyemelea. Bila kikokotoo kilicho sahihi nitamwambiaje? Atasema kikokotoo changu kibovu. Na atakuwa amesema kweli.

MZEE: Hilo nalikubali. Hilo ni zuri.

MWALIMU: Basi kesho alfajiri, kabla mazigazi hayajaanza. Nitakuja na baromita ya maabara.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu, umande bado kwenye mabua ya mtama. "Mwangaluka," Mzee alisalimia, naye akaenda moja kwa moja kutazama vumbi. Baromita ya Mwalimu ilisoma 871. Kijana alirudisha kasi kwenye 790 na kizigeu kwenye 0.243, akaandika 871 na joto la alfajiri ile, kisha akalala chini. Mita 300, mita 500: risasi zilikaa katikati ya rangi, juu na chini kidogo kama mkono wa binadamu unavyotaka. Mita 700 risasi tano zilitawanyika kwa upana wa sentimita 20 hivi, na katikati yake ilikuwa sentimita 4 juu ya alipolenga.

KIJANA: Sentimita 4. Nikiongeza kizigeu kwa asilimia moja na nusu...

MWALIMU: Risasi tano kwenye duara la sentimita 20, unazitaka zikusemee sentimita 4?

KIJANA: Ulisema naweza kukisogeza kidogo.

MWALIMU: Nilisema. Piga ishirini, kwa asubuhi nne tofauti, ndipo uniulize.

KIJANA: Risasi ni ghali, Mwalimu.

MWALIMU: Basi acha namba ilivyo.

Waliendelea kubishana hivyo, Kijana akiwa na kidole juu ya kioo cha simu, hadi Mzee alipoinua mkono. Mbele yetu, kati ya bati la 500 na la 700, nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja. Hapo tulipokuwa hazikutikisika. Kijana alizitazama kwa darubini muda mrefu, kisha akatoa risasi iliyokuwamo kwenye chemba na kuirudisha kwenye boksi.